Mjomba ataka mitambo ya benki, mimi nataka mashine pepe

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni kijana wa miaka 31, mzaliwa wa Langoni, Lamu. Nilisomea kompyuta Mombasa, na karo yote ya chuo ililipwa na mjomba wangu, ndugu wa mama. Hilo nalitaja mapema kwa sababu ndipo shida yangu ilipo, ingawa ukisoma utadhani hii ni barua ya mitambo.

Nafanya kazi katika sacco moja hapa mjini. Wanachama wetu ni wavuvi, walimu, wenye mashua na akina mama wa biashara ndogondogo, na tuna matawi Mpeketoni na Faza. Idara ya kompyuta ni mimi peke yangu. Tuna seva nne, yaani kompyuta kuu zinazozihudumia nyingine, kila moja na kazi yake: ya kwanza ina akaunti za wanachama, ya pili ni ya uhasibu na mishahara, ya tatu inaweka mafaili ya ofisi, na ya nne ndiyo inayowatambua watumiaji na nywila zao. Zote zimezeeka. Chumba cha seva kiko ghorofani katika nyumba ya kale ya mawe, ngazi 19, na dirisha likisahauliwa wazi msimu wa kusi, asubuhi ukipitisha kidole juu ya vifuniko unaonja chumvi.

Ramadhani iliyopita, siku nne kabla ya Idi, stima ilikatika usiku ikarudi kwa kishindo. Seva ya uhasibu haikuamka tena, ubao wake mkuu uliungua. Seva tatu za kando yake zilikuwa nzima, tena nguvu zao nyingi zimelala bure, lakini sikuwa na njia ya kuihamishia kazi ile. Bakapu niliyokuwa nayo, yaani nakala ya akiba, ilikuwa ya wiki iliyotangulia. Siku tatu watu walipanga foleni hadi nje wakidai mikopo ya sikukuu. Mzee mmoja mvuvi aliniambia mbele ya watu, "Daftari la karatasi halijawahi kufa." Sikuwa na la kumjibu.

Baada ya hapo bodi ilitenga shilingi 850,000 za mitambo mipya. Mjomba wangu ndiye mweka hazina wa bodi hiyo. Ana rafiki yake Mombasa anayeuza vifaa vilivyotolewa katika ofisi kubwa, naye amemwonyesha seva za bledi: chasisi moja kubwa, yaani kabati la chuma lenye nafasi 16, seva zenyewe nyembamba kama misahafu iliyosimamishwa rafuni, zote zinakula umeme mmoja, feni moja na mtandao mmoja. Chasisi na seva sita, shilingi 640,000. Mjomba ameipenda kweli. Anasema, "Hii ni mitambo ya benki. Nne tunazitumia, mbili akiba, na nafasi kumi za kukua."

Mimi napendekeza seva mbili za kawaida zilizotumika, zenye RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) ya kutosha, shilingi 300,000 kila moja. Ndani ya hizo mbili nitaunda mashine pepe nne, yaani seva zetu zote nne zitaishi kama programu, mbili huku na mbili kule, na chuma kimoja kikifa kingine kibebe zote. Nilipoeleza hivyo kikaoni mjomba alicheka: "Mashine pepe au mashine pepo? Amana za watu hatuwapi mashetani." Bodi nzima ikaangua kicheko. Nikanyamaza.

Kisha akasema neno lililonichoma. Eti mimi nataka kupakia shehena yote ya wanachama kwenye majahazi mawili, na yeye anawaletea sita. Nalala nikiliwaza hilo, Shangazi, kwa sababu mashine pepe nimezifanyia mazoezi nyumbani tu, kwenye kompyuta kuukuu iliyo chini ya kitanda changu. Kazini sijawahi. Itakuwaje kama nimekosea?

Mke wangu aniambia nikubali tu, chasisi ikiharibika lawama ni ya mjomba. Mwenzangu kazini ananong'ona kwamba huenda mjomba ana chake katika biashara ile. Sitaki kuamini, lakini neno limeshaingia sikioni. Bodi inakutana mwisho wa mwezi. Nikimpinga mbele ya watu nitakuwa mtoto aliyesomeshwa akarudi kumfunza aliyemsomesha. Nikinyamaza, stima ikikatika ni mimi nitakayepanda zile ngazi usiku. Nifanyeje?

Hamali wa Mitambo, Lamu

*

Marahaba, mwanangu.

Kabla ya kupewa safu hii nilikaa miaka 11 katika chumba cha seva Mombasa, kwa hiyo ile harufu ya ubao ulioungua naijua. Na najua pia kimya cha kikaoni watu wanapocheka.

Nionavyo, umefunga mizigo mitatu kwa kamba moja: mitambo, deni la karo, na aibu ya zile siku tatu. Tuifungue mmoja mmoja, tuanze na mitambo maana ndiyo nyepesi.

Umeandika kana kwamba bledi na mashine pepe ni maadui, mmoja akiingia mwingine atoke. Sivyo. Bledi ni umbo la chuma. Mashine pepe ni namna ya kukitumia chuma, chochote kiwacho. Ofisi nyingi zilizonunua bledi zilijaza mashine pepe ndani yake. Mjomba anaweza kuipata chasisi yake nawe ukagawa kila seva ndani yake utakavyo. Basi swali la mwisho wa mwezi ni dogo kuliko lilivyoonekana: kazi nne za sacco zikae kwenye chuma cha namna gani? Hilo mnaweza kulizungumza bila mtu kumshinda mtu.

Bledi zilianza kuuzwa mnamo 2001, kwa watu wenye makumi ya seva na chumba cha kodi ghali. Chasisi za kawaida za seva 16 huchukua vipimo 10 vya raki, lile rafu refu la kupangia seva, yenye vipimo 42, na hapo ndipo uzuri wake: seva 16 mahali ambapo za kawaida zingeenea kumi, nyaya chache, na seva moja ikifa unaichomoa unachomeka nyingine bila kugusa umeme wala mtandao. Mjomba hakuvutiwa na upuuzi. Lakini kushirikiana gharama kunalipa nyumba ikijaa. Ninyi mtakaa vyumba vinne, mkilipia feni na umeme wa nyumba ya vyumba kumi na sita.

Sasa ipandishe ngazi. Chasisi ya aina hiyo ikijaa hupita kilo 200. Unachomoa bledi, vitoa umeme na feni zote, ubaki na kabati tupu, nalo bado ni la watu wanne. Mashua kutoka Mokowe, mkokoteni kwenye kichochoro, kisha zile ngazi 19. Lamu imepandisha mizigo mizito zaidi, sisemi haiwezekani. Nasema sakafu ya nyumba za mawe huko imelala juu ya boriti za mikoko, na ningependa fundi wa nyumba azitazame boriti hizo kabla hamjalipa hata shilingi.

Kisha stima. Soketi ya ukutani ni ya ampea 13, kwa volti 240 ni kama wati 3,120 ukiikamua yote. Vitoa umeme vya chasisi hizi huwa kadhaa, na aina nyingi huanzia wati 2,000 kwenda juu kila kimoja, zenye plagi nene zisizoingia soketi hiyo. Utahitaji fundi wa umeme avute laini zake peke yake, UPS kubwa (betri ya kushikilia stima ikikatika), na jenereta isiyogugumia. Tuseme mtambo unakula wati 2,000 usiku na mchana: hizo ni yuniti 1,440 kwa mwezi. Seva mbili za kawaida zikila wati 200 kila moja ni yuniti 288. Piga hesabu kwa bei ya tokeni zenu, na usisahau kwamba kila wati inayoingia hutoka kama joto, na kiyoyozi nacho kinalipiwa kulitoa dirishani. Haya ni makadirio yangu. Mwombe muuzaji awashe chasisi mbele yenu na kipimo cha umeme, namba itakayotoka ndiyo mtakayoipeleka kikaoni.

La vipuri nitalipita haraka: bledi ya familia moja haiingii chasisi ya familia nyingine, basi mkinunua mmefunga ndoa. Muuzaji awape kwa maandishi ni miaka mingapi atakuwa na vitoa umeme na feni zake. Na zile diski zilizotoka ofisi kubwa, ziwe zimefutwa kabisa. Tangu Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, hamtaki kukuta majina ya wateja wa mtu mwingine ndani ya chumba chenu.

Nije kwa majahazi, maana hapo mjomba amekugusa penyewe. Seva sita ndani ya chasisi moja si majahazi sita. Ni chombo kimoja chenye vyumba sita, na ule ubao wa nyuma unaoziunganisha ndio mkuku wake. Huharibika mara chache sana, kweli, lakini siku ukiharibika vyumba vyote vinaingia maji pamoja. Hata hivyo usicheke wewe, kwa sababu majahazi yako mawili yana masharti ambayo hukuyaandika, na labda ndiyo yanayokunyima usingizi.

Sharti la kwanza ni RAM. Kama mashine zako nne kwa jumla zinahitaji GB 96, kila seva lazima iwe na zaidi ya hizo, peke yake, na nusu ya nguvu hiyo italala bure siku zote njema. Mweka hazina ataiona nusu hiyo aulize kwa nini. Uwe na jibu.

La pili ni ushahidi. Seva mbili zikipoteza mawasiliano, kila moja hudhani mwenziwe kafa. Zote mbili zikiinuka kubeba kazi ileile, unapata kalamu mbili kwenye daftari moja, na hapo akaunti za watu huharibika kuliko moto. Ndiyo maana mifumo ya kuendesha mashine pepe kama Proxmox hutaka kura ya tatu, kompyuta ndogo tu ya kusimama kama shahidi. Umeiweka kwenye bajeti?

La tatu ni muda. Ukitumia njia rahisi ya Proxmox ya kunakili mashine kutoka seva hii hadi ile, mpangilio wa kawaida ni kila dakika 15. Kwa mafaili ya ofisi haina neno. Kwa akaunti za wanachama, dakika 15 za siku ya mshahara ni foleni nzima ya watu waliolipa na risiti mkononi. Kwa ile seva moja tafuta hifadhidata yenyewe ijinakili papo hapo, na umuulize aliyewauzia mfumo wa akaunti kama anaikubali njia hiyo, na kama anaukubali mfumo wake uendeshwe kwenye mashine pepe. Wengine wameifunga leseni kwenye chuma.

Na leseni, mwanangu, ndizo zinazoweza kuivunja hesabu yako. Kama seva zenu ni za Windows, leseni yake ya kawaida, iitwayo Standard, hukuruhusu mashine pepe mbili kwa seva iliyolipiwa kamili, angalau kwa viini 16 vya prosesa. Wewe unataka kila chuma kiweze kubeba zote nne, basi kila chuma kinalipiwa mara mbili. Leseni zilizokuja na zile mashine kuukuu mara nyingi hazihami, zinazikwa nazo. Ile 250,000 itakayobaki baada ya seva mbili inaweza kumezwa hapa, kabla hujanunua UPS. Upande wa mjomba hubaki 210,000, na ina kazi nyingi vilevile.

Kama kuna mtu kwenye bodi amesikia kwamba mashine pepe zimepanda bei, hajadanganywa: Broadcom iliinunua VMware, kampuni ya programu za mashine pepe, Novemba 2023, na mwezi uliofuata ikaacha kuuza leseni za kudumu, ikabaki ya kulipia kwa muda. Lakini KVM, programu ya kuendesha mashine pepe, imo ndani ya mfumo wa Linux tangu 2007, na Proxmox imejengwa juu yake, unaitumia bila kulipia ukiwa tayari kujisaidia mwenyewe. Na anayeona ni mambo ya vijana, mwambie IBM ilitoa VM/370, mfumo wa mashine pepe, mwaka 1972. Pepo hawa ni wazee kuliko wewe, na pengine kuliko nusu ya bodi.

Sasa nikuulize jambo, na usikasirike. Usiku ule wa Ramadhani, kama ungekuwa na bledi sita, ungepona? Ungehamisha diski kwenye bledi ya akiba, labda ungepona. Kama ungekuwa na mashine pepe? Labda pia. Lakini stima iliyorudi kwa kishindo ingeweza kuvichoma vyote viwili, nawe ungebaki na bakapu ya wiki iliyotangulia, ileile. Katika barua yako bakapu ina sentensi moja na chasisi ina aya nzima. Nimeliona hilo kwa sababu nami nilikuwa hivyohivyo. Bakapu ya kila usiku, nakala nyingine ikilala Mpeketoni ng'ambo ya maji, na kinga ya umeme iliyo thabiti: hivi vinahitajika mkienda kwa mjomba, na vinahitajika mkija kwako. Pengine ndivyo vya kwanza kupeleka kikaoni, maana hakuna atakayebishana navyo.

Ziko njia nyingine pia. Kununua seva moja sasa, kuhamishia kazi mbili zisizo nyeti, mkajifunza miezi sita, kisha ya pili. Hatari yake ni kwamba kwa miezi hiyo bado mna uzee chumbani. Kukodi seva za mbali kupitia intaneti kunaondoa ngazi na chumvi, na kunaleta bili ya kila mwezi, na siku kebo ikikatika Faza hawana kitu.

Turudi kwa mjomba. Umesikia mnong'ono na umenisimulia mimi. Je, umewahi kumuuliza yeye kwa nini ameipenda chasisi ile? Zile siku tatu ulikuwa umejifungia na mashine. Mweka hazina alikuwa anapita Mkunguni kila jioni akiulizwa pesa za watu ziko wapi. Inawezekana "mitambo ya benki" kwa kinywa chake maana yake ni "sitaki kuulizwa tena". Inawezekana pia mnong'ono ni kweli, siwezi kujua nikiwa huku. Bodi ikitaka kotesheni tatu kwa kila kitu, na zako zikiwamo, hakuna aliyetuhumiwa na ukweli utajitokeza wenyewe.

Ushauri wa mkeo nimeuelewa, anakulinda. Ila lawama za mitambo hazifuati kumbukumbu za kikao. Zinamfuata mwenye ufunguo wa chumba.

Kikaoni si mahali pako pa kuanzia. Kuna baraza ya mjomba baada ya alasiri. Ungeweza kuichukua ile kompyuta ya chini ya kitanda, ukaweka nakala ya mfumo wa uhasibu na majina ya uongo, ukamwambia aizime kwa mkono wake, kwa kuchomoa waya. Kisha uirudishe kutoka kwenye bakapu naye akitazama saa. Ukifaulu, pepo wameonekana kwa macho. Ukishindwa mbele yake, itauma, lakini utakuwa umeshindwa barazani kwa jamaa, na si Ramadhani ijayo. Na huenda akatazama yote hayo, akanywa kahawa yake, akasema bado anataka chasisi. Hilo nalo ulifikirie kabla hujaenda: bodi ikiinunua, utaweza kuilea kwa moyo safi? Kama ndiyo, utahitaji nini kiandikwe: laini ya umeme, UPS, vipuri?

Kuna jambo moja hujaniuliza. Ukishikwa na homa wiki nzima, nani mwingine pale ofisini anayejua kuwasha vitu hivyo na kwa mpangilio gani? Yule mzee mvuvi alisema kweli kidogo. Nunua daftari la karatasi, uandike humo hatua za kuurudisha kila mfumo, kisha umpe karani wa Mpeketoni ajaribu kuzifuata bila wewe kufungua mdomo.

Niandikie tena uniambie ilimchukua dakika ngapi.